Kuipa miguu ya cherehani kuukuu uso mpya wa mbao

Miguu ya chuma ya cherehani ya kukanyaga huishi kuliko cherehani yenyewe. Mashine hufa, droo huliwa na bungua, ubao wa juu huvimba kwa maji na kubanduka, lakini ile miguu iliyosubiwa (chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu) kwa maua na michirizi hubaki imesimama kwenye kona ya stoo, imekusanya kutu na vumbi, ikisubiri kupewa kazi nyingine. Isaac Merritt Singer alipata hataza ya cherehani yake mwaka 1851, na kwa miongo mingi iliyofuata viwanda vilisubu miguu ya aina hii kwa wingi mno. Ndiyo maana bado inapatikana, na ndiyo maana ninaitumia kama mfano hapa. Kama ulichonacho ni miguu ya meza ya zamani ya duara, au fremu ya mashine nyingine kuukuu, kanuni ni zilezile.

Kanuni kubwa ni moja, na kila hatua iliyomo humu inaitumikia: mbao hutembea, chuma hakitembei. Ubao ukipata unyevu hupanuka, ukikauka husinyaa, miaka yote ya uhai wake, hata ukiupaka vanishi mara kumi. Ukiukaza kwenye chuma mpaka usiweze kujinyoosha, utapasuka au utajikunja. Nimeona meza nzuri, zilizorandwa kwa mikono yenye ujuzi, zikipasuka katikati kwa sababu tu fundi alikaza skrubu nne kwa nguvu kwenye pembe nne. Kwa hiyo unapotengeneza uso wa meza unatengeneza pia njia ya ubao huo kutembea.

Kabla ya kuanza, swali moja. Je, cherehani yako bado imekamilika, mashine inazunguka, ubao wake wa asili upo? Kama ndiyo, mimi ningeiacha ilivyo na kuitafuta miguu ambayo tayari imeshatengana na mashine yake. Kitu kizima cha zamani kikishavunjwa hakirudi. Na hata kwa miguu iliyobaki peke yake, usitoboe tundu jipya kwenye chuma. Matundu ya asili yanatosha, nitaonyesha jinsi.

1. Kagua miguu

Isimamishe mahali palipo sawa na uitikise. Ikicheza, mara nyingi ni bolti za vile vyuma vya kukingama nyuma zilizolegea. Zitie mafuta mepesi ya kulainisha kutu, ziache usiku kucha, kisha uzikaze taratibu. Usigonge kwa nyundo wala usilazimishe kwa spana ndefu: chuma cha kusubu ni kigumu lakini hakipindi, hukatika ghafla kama kigae. Gonga kila mguu kwa kijiti cha mbao na usikilize. Chuma kizima hulia, chenye ufa hutoa sauti butu.

Kutu iondoe kwa brashi ya waya. Rangi ya zamani ni jambo jingine. Rangi nyingi za enzi hizo zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Usiisugue ikiwa kavu. Lowesha, tumia msasa wa maji, vaa barakoa inayochuja vumbi laini, na takataka zote zikusanye kwenye mfuko uliofungwa. Kama rangi imeshika vizuri, iache. Ifute, ipake nta au vanishi ya chuma juu yake, basi. Rangi iliyochakaa kwa miaka mia ina uzuri ambao rangi mpya hainunui.

2. Amua vipimo

Urefu wa meza ya kukalia, kutoka sakafuni hadi juu, huwa kati ya sentimita 72 na 76. Pima miguu yako, ongeza unene wa mataruma (vile vipande vya mbao vya kukazia chini, nitakuja kwao) na unene wa uso wenyewe. Ukizidi 76, punguza taruma, au ukubali kuwa hiyo itakuwa meza ya kuwekea vitu ukutani badala ya meza ya kuandikia.

Upana ndio unaowaponza wengi. Miguu ya cherehani ni myembamba kutoka mbele kwenda nyuma, kwa sababu ilitengenezwa kwa mtu mmoja aliyekaa upande mmoja. Ukiweka uso mpana sana, mtu akiegemea ukingo meza inainuka nyuma. Usizidishe sentimita 10 nje ya nyayo za miguu, mbele na nyuma. Kwa urefu una uhuru zaidi: kila upande unaweza kutokeza hadi thuluthi moja ya umbali kati ya miguu miwili.

Usiniamini kwa maneno. Kata kipande cha plaiwudi kwa vipimo unavyovitaka, kifunge juu ya miguu kwa kamba, kisha bonyeza ukingo kwa viganja viwili kama mtu anayenyanyuka kutoka kwenye kiti. Ikiinuka, punguza. Kaa hapo na kiti chako, weka magoti chini, ishi nayo siku mbili. Ni rahisi kukata plaiwudi mara tatu kuliko kujutia ubao mzuri mara moja.

3. Chagua mbao na uzipe muda

Mbao ngumu hufaa: msaji, mkangazi, mwaloni. Msonobari nao unafaa kama utakubali kuwa utapata alama haraka. Ninachokitazama kwanza ni ukavu, kuliko hata aina ya mti. Mbao za ndani ya nyumba zinapaswa kuwa na unyevu wa takriban asilimia 8 hadi 12. Kama huna kipimo cha unyevu, tumia mizani: kata kipande, kipime uzito, kiweke katika chumba ambamo meza itakaa, kipime tena kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, ubao umetulia. Mbao zako zote zikae chumba hicho hicho, zimepangwa kwa vijiti katikati ili hewa ipite kila upande, kwa wiki mbili angalau. Wanaoharakisha hatua hii ndio wanaorudi baadaye na picha za ufa.

Tazama pia kichwa cha ubao, pale msumeno ulipokata mti. Ukiona mistari ya miaka imesimama wima kutoka uso hadi uso, umepata ubao mtulivu. Ikiwa imelala kama upinde, ubao huo utatembea karibu mara mbili zaidi na utapenda kujikunja kama bakuli. Si kwamba haufai, ila ujue unachokibeba. Kwa hesabu: uso wa mwaloni wa mistari iliyolala, wenye upana wa sentimita 55, unyevu wake ukibadilika kwa asilimia 4, utaongezeka au kupungua kwa karibu milimita 8. Msaji wa namna hiyo hiyo, karibu nusu ya hapo. Kwa urefu, ubao hautembei kiasi cha kukusumbua. Basi shida yetu yote iko upande mmoja: upana.

Ukitumia mbao zilizobomolewa kwenye jengo au samani nyingine, na zinapendeza sana juu ya chuma cha zamani, zipitishie sumaku kila inchi kabla ya kuziranda. Msumari mmoja uliojificha unaharibu kisu cha randa kwa pigo moja. Tazama matundu ya bungua pia. Ukiona unga mpya unamwagika, mdudu bado yumo, na ubao huo usiuingize ndani ya nyumba.

4. Randa na upange

Unahitaji mbao za upana wa sentimita 10 hadi 14 hivi, zikiunganishwa zifikie upana wako na ziada ya sentimita 2. Kwa urefu acha ziada ya sentimita 5. Randa uso mmoja unyooke, kisha ukingo mmoja uwe pembe mraba na uso huo, kisha unene. Anza na mbao za milimita 32 hivi ili umalize na 24 au 25. Chini ya 20 uso unaonekana mnyonge juu ya chuma kizito, na skrubu zinakosa mahali pa kushika.

Sasa zilaze mbao zote sakafuni na ucheze nazo. Zigeuze, zibadilishe nafasi, rudi nyuma hatua tatu, zitazame. Hapa usiwe na haraka, maana sura ya meza inaamuliwa hapa. Mafundi wengine hushika sheria ya kupishanisha mistari ya kichwani, mmoja juu mmoja chini. Mimi huchagua sura kwanza, kwa sababu uso utashikwa na mataruma chini na mbao zilizokauka sawasawa hazina ugomvi mkubwa. Jambo moja tu sivunji: nyuzi za mbao zote zielekee upande mmoja, ili utakapopitisha randa mwishoni usiwe unalainisha ubao huu na kuuchana wa jirani. Ukiridhika, chora pembetatu kubwa kwa chaki juu ya mbao zote kwa pamoja. Zikichanganyika, pembetatu itakuambia kila moja ilikuwa wapi.

Kingo zinazokutana zirandwe mbili mbili. Zikunje mbao mbili jirani kama kitabu, zibane pamoja, randa kingo zote mbili kwa mpigo mmoja. Hata kama randa imeinama kidogo, ukizifungua kosa la huyu linafuta la yule, na uso unabaki sawa. Ziweke moja juu ya nyingine na uzitazame kwenye mwanga wa dirisha. Mwanga ukipita kwenye ncha, randa tena. Mwanga mwembamba sana katikati, kiasi cha unene wa karatasi, ni mzuri: vibano vitaufunga, na ncha, ambazo hukauka mapema kuliko sehemu nyingine, zitabaki zimebanwa daima.

5. Gundisha

Fanya jaribio bila gundi kwanza. Banisha kila kitu kana kwamba ndiyo kazi yenyewe, uone kama vibano vinatosha na kama viungo vinafunga bila kulazimishwa. Kiungo kinachohitaji nguvu nyingi kufunga kitafunguka siku moja.

Gundi nyeupe ya mbao inatosha. Msaji una mafuta yake ya asili yanayoikataa gundi, hivyo futa kingo zake kwa asetoni au spiriti dakika chache kabla ya kupaka. Tandaza gundi kwenye ukingo mzima kwa brashi ndogo, uunganishe, uvisuguesugue viwili hivyo mpaka uhisi vinaanza kushikana. Vibano viwekwe kila sentimita 20 hadi 25, kimoja chini kimoja juu, ili nguvu zao zisiupinde uso. Kaza mpaka shanga ndogo za gundi zitokeze mstari mzima, kisha simama. Ukikaza zaidi unaikamua gundi yote nje na kuacha kiungo kikavu.

Kama huna vibano virefu, kuna njia ya zamani ambayo naipenda zaidi. Piga mbao mbili imara kwenye benchi, umbali wa sentimita chache kuzidi upana wa uso wako. Weka mbao zako katikati, na ile nafasi iliyobaki ijaze kwa kabari mbili mbili, zikielekeana. Zigonge kidogo kidogo, zamu kwa zamu. Nguvu yake itakushangaza. Weka mzigo juu ili mbao zisiruke, na karatasi ya nailoni chini ili usigundishe meza kwenye benchi.

Gundi iliyotoka usiifute kwa kitambaa chenye maji, maana unaisambaza ndani ya vinyweleo vya ubao na itaonekana kama doa siku ya kupaka mafuta. Isubiri iwe kama mpira, kwa kawaida nusu saa hivi, kisha ikwangue kwa patasi kuukuu. Acha siku nzima kabla ya kuranda.

6. Sawazisha na ukate

Weka rula mbili ndefu za mbao zilizonyooka, moja kila ncha ya uso, na uinamishe jicho uzitazame moja juu ya nyingine. Zisipolala sambamba, uso umepotoka. Randa kwa mshazari kwanza, pembe hadi pembe, ukifuata sehemu zilizoinuka. Kisha malizia kwa urefu, ukifuata nyuzi, mpaka maranda yatoke membamba na marefu.

Ncha zikate kwa guni (kipimo cha pembe mraba) na kisu: chora mstari kwa kisu chenye makali, ukate nyuzi za juu, ndipo msumeno upite nje kidogo ya mstari huo. Ukiranda kichwa cha ubao, ingia kutoka kila ukingo kuelekea katikati. Ukipitiliza hadi nje utang'oa kipande cha pembe.

Msasa: namba 80 kama kuna alama, 120, halafu 180. Zaidi ya hapo sioni haja kama utapaka mafuta. Kabla ya ule wa mwisho pangusa uso kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Nyuzi zitasimama, zikikauka uzilaze kwa msasa, na hazitasimama tena utakapopaka. Pembe zote zivunje makali. Ukingo wa chini uukate mshazari wa sentimita moja hivi: meza itaonekana nyepesi zaidi, na chuma chenye nakshi chini yake kitapata nafasi ya kuonekana.

7. Paka, pande zote mbili

Huu ni mwendelezo wa ile kanuni yetu. Ukipaka juu tu, upande wa chini utanyonya na kutoa unyevu haraka kuliko wa juu, na uso utajikunja. Chini kupakwe mara sawa na juu, hata kama hakuna atakayeona.

Vanishi ya poliyurethani hulinda vizuri dhidi ya vikombe vya moto na maji. Mafuta ya kitani au ya tung (mti wa Kichina) hulinda pungufu ya hapo lakini hupendeza mkononi na hurekebishika: ukipata doa, unasugua na kupaka pale pale. Juu ya miguu ya zamani mimi huchagua mafuta. Paka, acha dakika 15, futa yote yaliyobaki juu, rudia kesho, na kesho kutwa.

Onyo lisilo na mjadala: matambara yaliyolowa mafuta ya kitani huweza kushika moto yenyewe yakikunjwa na kutupwa kwenye pipa. Mafuta yakikauka hutoa joto, na joto likikosa pa kwenda huwasha kitambaa. Yatandaze nje moja moja mpaka yakauke na kuwa magumu, au yaloweke kwenye bati lenye maji na kifuniko.

8. Mataruma na kufunga

Kata mataruma mawili ya mbao ngumu, upana wa sentimita 6 au 7, unene wa milimita 20 hadi 25, urefu pungufu ya upana wa uso kwa sentimita 10. Ncha zao zikate mshazari ili zisionekane na mtu aliyesimama. Kila taruma hulala juu ya upande mmoja wa miguu, kutoka mbele kwenda nyuma. Lifunge kwenye chuma kwa bolti kupitia matundu ya asili, vichwa vya bolti vikizamishwa upande wa juu wa taruma, washa (kile kisahani cha chuma chenye tundu) na nati chini. Kaza kwa mkono, kisha robo mzunguko tu. Kumbuka chuma hiki hukatika.

Kati ya taruma na chuma weka ukanda wa ngozi au mpira mwembamba. Mwaloni una tanini (kemikali ya asili ya mti), na tanini ikikutana na chuma na unyevu huacha doa jeusi lisilotoka. Kwa sababu hiyo hiyo tumia skrubu za shaba nyeupe au chuma kisichoshika kutu.

Sasa matundu ya skrubu, moyo wa kazi yote. Katika kila taruma toboa matatu, yapite pembeni ya chuma. La katikati liwe la duara, saizi ya skrubu. Yale mawili ya pembeni yawe marefu, yaani toboa matundu mawili au matatu yanayogusana, usafishe katikati kwa patasi nyembamba, urefu wake ufuate urefu wa taruma. Ule mwaloni wetu wa milimita 8 utatembea 4 kila upande ukitokea katikati, basi skrubu iwe na nafasi ya milimita 5 kila upande. Geuza uso, ulaze juu ya blanketi, weka miguu juu yake kichwa chini, pima katikati vizuri. Skrubu izame kwenye uso kwa milimita 15 hadi 18, si zaidi. Funga utepe kwenye biti ya drili kuonyesha pa kuishia, maana kutokeza upande wa pili wakati huu ni msiba. Sugua sabuni kavu kwenye skrubu, uiingize pamoja na washa yake. La katikati likaze. Ya pembeni yakaze mpaka washa iguse, kisha urudishe kidogo.

Usitie gundi popote hapa. Hata tone.

Mwisho, gurudumu na kikanyagio. Kama kuna watoto nyumbani, vifunge kwa waya imara au ondoa ule mkono unaoviunganisha, uutie kwenye mfuko pamoja na bolti zake na uufunge nyuma ya mguu, asije aliye na meza hii baadaye akaukosa. Kidole kikiingia kati ya gurudumu na fremu huku mwenzake akikanyaga, ni jeraha baya.

Baada ya kupita msimu mmoja wa mvua na mmoja wa ukavu, lala chini ya meza na tochi. Legeza skrubu moja ya pembeni, tazama ubao wa taruma pale washa ilipokaa. Ukiona mkwaruzo mfupi unaong'aa, umeelekea nje na ndani, uso wako umekuwa ukitembea. Rudisha skrubu kama ilivyokuwa.